Vyumba vya Jilo

Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, maboksi ya dawa hutufikia zahanati yakiwa yamelowa. Dereva huyashusha barazani na kuondoka haraka kabla barabara haijaharibika zaidi, nami hubaki kuyafungua moja moja nione kilichosalimika. Harufu ya boksi lililolowa si kali. Haina ukali wa dawa wala uvundo wa matope. Lakini ikinikuta nimechoka, na miaka hii siikumbuki siku ambayo sikuchoka, hunibidi nikae chini kidogo. Wenzangu hudhani miguu inaniuma. Kumbe nimesharudi kwenye kile kilima kidogo nje ya Garsen, nina miaka kumi au kumi na moja, na mbele yangu kuna kifuniko cha boksi la mafuta ya msaada kilichochorwa vyumba kwa mkaa.

Watu wa rika langu hawana haja ya kukumbushwa mvua ile. Sisi tulikuwa tukikaa Idsowe. Mto ulipanda kwanza kwenye migomba, kisha kwenye mahindi, kisha asubuhi moja mama akashusha mguu kutoka kitandani akakuta mkeka unaelea. Baba alitupeleka kwa mtumbwi hadi kwenye shule iliyojengwa juu kidogo, halafu akarudi kulinda kilichobaki. Miezi ile yote nilimwona mara chache, na kila mara alikuwa amekonda zaidi. Tulilala darasani familia sita. Ubaoni kulikuwa na hesabu za kugawanya ambazo hakuna aliyezifuta, na mpaka leo nikiona alama ya kugawanya nakumbuka kukohoa kwa watu wengi mahali pamoja.

Nyuma ya madarasa walikuja Waorma na ng'ombe wao waliosalimika. Watu wazima wa pande zote mbili walisalimiana kwa upole wa watu ambao hawana tena nguvu ya kugombana. Miaka mingine wangezozana kuhusu malisho na mashamba. Mwaka ule hapakuwa na malisho wala mashamba. Kulikuwa na maji kila upande, rangi ya chai ya maziwa, na mara moja moja helikopta iliyoshusha magunia ya mahindi ya njano na maboksi ya mafuta, ikatupulizia mchanga machoni, ikaenda zake.

Jilo alikuwa nasi kwa sababu ya mvua. Alikuwa mtoto wa dada mkubwa wa mama yangu, aliyefariki Jilo akiwa mdogo, kwa hiyo alilelewa kwetu na nilimwita kaka. Alipofika miaka kumi hivi, shangazi mmoja wa ukoo wa baba, aliyeolewa Mombasa, alimchukua akaahidi kumsomesha. Tulikaa miaka miwili tukisikia tu kwamba hajambo. Kisha aliruhusiwa kuja kutuona kwa wiki moja. Wiki haijaisha, barabara ikakatika.

Alikuwa amekuwa mrefu, mtulivu, na alikuwa na tabia ya kusimama karibu na ukuta hata pale penye nafasi ya kukaa. Kila mtu mzima aliporudi kutoka upande wa barabara na kusema bado haipitiki, Jilo alitazama chini akatabasamu. Mimi nilidhani anafurahia kukaa nasi. Nilikuwa nimepatia nusu.

Gemu ilianza kwa sababu Komora, mdogo wangu wa miaka sita, alikuwa akilia njaa na mama alituomba tumtulize. Jilo akachukua kifuniko cha boksi, akakifuta tope kwa kiwiko, akaokota mkaa jikoni.

"Kule Mombasa kuna gemu," alisema. "Ni mashine ndogo, inaunganishwa na televisheni kwa waya mbili. Kuna mtu mdogo ameingia kwenye jumba kubwa, anatafuta njia ya kutokea. Wewe ndiye unayemwendesha."

"Sasa sisi mashine tunayo wapi?" nikamuuliza.

"Mashine ni mimi," alisema Jilo. "Mimi nakwambia unaona nini, wewe unaniambia unafanya nini. Halafu unarusha dadu."

Dadu ilitoka kwenye mchezo wa ludo ambao karatasi yake ilikwenda na maji. Pembe yake moja ilikuwa imetafunwa. Mimi nilikuwa kizibo cha soda. Komora alikuwa punje ya hindi la njano, na siku ya pili alijila, ikabidi tumpe punje nyingine. Wa tatu alikuwa Hawo, msichana wa Kiorma wa umri wangu, ambaye alisimama nyuma yetu siku nzima ya kwanza bila kusema neno, halafu siku ya pili akaweka ushanga wake mwekundu kwenye kifuniko, kwenye mlango wa mbele, na kusema, "Mimi pia naingia."

Jumba lilikuwa na vyumba kumi na viwili. Jilo hakuvichora vyote kwa pamoja. Alichora kimoja baada ya kimoja kadiri tulivyofungua milango, na alijua kila kitu kilichokuwa ndani. "Umeingia ukumbini. Sakafu inateleza, imepigwa deki sasa hivi. Kuna saa kubwa ukutani. Kulia ni jikoni, kushoto ni ngazi. Unafanya nini?" Sauti yake ilibadilika akisema hivyo. Ilikuwa ya chini, bila haraka, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. Sisi watatu tulilala kwa matumbo kwenye saruji yenye unyevu, tukisogeza kizibo, punje na ushanga, na kwa muda ule sikusikia mbu wala njaa.

Ndani ya jumba alikuwemo Mwenye Funguo. Hatukumwona hata mara moja, tulisikia tu funguo zake. Ukirusha dadu ikaja chini ya tatu, umesikika. Ukisikika mara tatu, Mwenye Funguo anakuja na unapoteza uhai mmoja. Kila mchezaji alikuwa na uhai mara tatu tu. Jikoni kulikuwa na meza yenye wali, samaki wa kupaka na mikate ya mofa, na sheria ilikuwa kwamba chakula cha mezani hakiguswi.

Sheria hiyo ilimkera Hawo. "Chakula iko," alisema. "Mimi iko njaa. Kwa nini hapana kula?"

"Ukigusa unakufa."

"Ng'ombe yetu imekufa kumi na saba. Mimi siogopi hiyo mwenye funguo. Nakula."

Akarusha dadu, ikaja moja. Jilo akamwondolea uhai. Hawo akala tena, akafa tena. Mara ya tatu Jilo alimtazama, akasema kwa sauti ya kawaida, si ile ya mashine, "Ngoja wenye nyumba wale kwanza. Wakimaliza, sufuriani kunabaki ukoko. Ukoko unaruhusiwa. Ukoko unarudisha uhai."

Tulicheka sana. Tuliona ni jambo la ajabu, mashine ya kizungu yenye ukoko ndani. Tangu siku hiyo tulijifunza kusubiri nyuma ya mlango wa jikoni mpaka watu wasioonekana wamalize kula.

Chumba nilichokitaka mimi kilikuwa cha tisa. Humo kulikuwa na televisheni, na mbele yake wameketi watoto wawili wakiwa wamekupa mgongo. "Wale hawageuki," alisema Jilo. "Unaweza kusimama nyuma yao. Ukisimama kimya mpaka wamalize bila kutumwa kitu, umeshinda chumba." Sikupata kushinda. Kila mara dadu ilikuja vibaya na mmoja wa wale watoto, bila kugeuka, alinituma maji ya kunywa, au kuokota kitu kilichoanguka, na niliporudi mlango ulikuwa umefungwa. Nilikiota chumba kile. Kwenye ndoto zangu nilikwenda mbele yao nikawaona nyuso, nao wakanipa kile kidude cha kubonyeza.

Kwa akili yangu ya wakati ule, jumba lilikuwa ndani ya televisheni na televisheni ilikuwa Mombasa. Kwa hiyo mtu akitaka kuliona, ni kwenda Mombasa tu. Sikufikiria kwamba mtu anaweza kuchukua gemu aliyoiona kidogo, kwa nyuma, kati ya mabega ya watu wengine, akaweka ndani yake nyumba nyingine kabisa.

Maji yalianza kushuka. Yaliacha matope, samaki waliooza kwenye nyasi, na homa. Tulimzika bibi mmoja wa darasa letu na mtoto mchanga wa upande wa Waorma katika wiki moja. Mama alikuwa amechoka kiasi kwamba aliweza kulala amekaa, mwiko mkononi. Tulikula mara moja kwa siku, uji wa yale mahindi ya njano, na sahani yetu sisi watoto ilikuwa moja. Jilo alikuwa wa kwanza kuutoa mkono sahanini. Nilidhani ni kwa sababu ni mkubwa na hushiba upesi.

Kisha trekta lilipita, na nyuma yake lori, na juu ya lori alikuwemo Shangazi.

Alishuka akiwa amevaa buibui safi, akatazama matope, akanyanyua pindo. Alileta mikate, sukari, na nguo za watoto wake zilizowabana. Alimkumbatia mama na kulia naye kikweli. Nasema hivi kwa sababu ningependa kumkumbuka kama mtu mbaya, na haikuwa hivyo siku ile. Alitukatia mkate kwa mkono wake. Harufu ya udi iliyotoka kwenye buibui lake ilijaza darasa zima.

Alipomaliza chai alisema, "Dada, nyinyi mmebeba mengi. Niwapunguzie mmoja. Lakini safari hii nataka wa kike. Jilo sasa amekuwa mkubwa, na nina mtoto mchanga wa kubebwa. Huyu Zena ni mwepesi. Nitamtia shule."

Mama alinitazama. Sikungoja aulize. "Nataka kwenda," nilisema.

"Hebu nyamaza kwanza, mwanangu."

"Nataka kwenda, mama. Nataka kuona jumba."

Shangazi alicheka, hakuelewa, na akasema mtoto ana hamu ya kusoma. Mama akasema tulale tufikirie, lori linaondoka kesho adhuhuri.

Kesho yake asubuhi Jilo aliniita tucheze. Hawo alikuwepo, Komora hakuwepo, alikuwa na homa. Jilo akachora chumba kipya, cha kumi na mbili, chini ya ngazi. Alikichora kidogo sana, kizibo changu kilikijaza.

"Humu hamna dirisha," alisema. "Komeo liko nje. Ukiingia humu hutoki mpaka ufunguliwe."

"Siingii humo. Naenda chumba cha tisa."

"Rusha."

Nikarusha, ikaja sita.

"Umesikika. Umepoteza uhai."

"Sita ni kubwa, Jilo. Sijasikika."

"Leo sita haitoshi."

Nikarusha tena, ikaja tano, nikafa. Nikajaribu mlango wa nyuma, nikafa. Nikasubiri ukoko kama alivyotufundisha, akasema leo wamekula mpaka ukoko. Hawo alininong'oneza niache, lakini nilikuwa nimeshikwa na hasira. Nilimwambia Jilo ana wivu. Nilimwambia hataki nione mashine, anataka iwe yake peke yake, na kwamba yeye si mtoto wa mama yangu na hana haki ya kunizuia. Kisha nikachana kifuniko vipande viwili. Kilikuwa kimelowa, kilichanika bila sauti.

Jilo alivitazama vile vipande. "Nakwambia tu vile gemu ilivyo," alisema.

Akainuka, akaenda walipokuwa wamekaa mama na Shangazi. Nilimfuata nikidhani anakwenda kunishtaki. Alisimama mbele yao, mikono nyuma.

"Shangazi, Zena ana kifua," alisema. "Usiku halali, anakohoa mpaka alfajiri. Atamwambukiza mtoto. Mimi kule nimeshazoea. Nitarudi mimi."

Mimi sikuwa na kifua. Nilimtazama mama nikingoja aseme. Mama akatazama mikono yake. Shangazi alinivuta, akaweka sikio mgongoni pangu, na mimi kwa ajili ya kulia nilikuwa nikikwama pumzi. "Ni kweli, kifua hakiko sawa," akasema. "Basi mtibuni. Jilo, kafunge nguo zako."

Nguo zake zilitosha kwenye mfuko mmoja wa plastiki. Alipokuja kuniaga alinipa ile dadu nami nikaitupa topeni mbele ya macho yake. Hakuiokota. Hawo ndiye aliyemsindikiza mpaka kwenye lori. Mimi nilikaa darasani na kugeukia ukuta, nikisikia injini ikihangaika kwenye matope, nikiomba ikwame, si ili abaki, ila ili na yeye akose.

Miaka ilifuatana kama inavyofuatana. Tulirudi Idsowe, tukalima upya. Hawo na watu wao walirudi mbugani na sikumwona tena. Nilisoma, nikaendelea, nikaingia chuo cha uuguzi. Jilo alikaa Mombasa miaka mingine minne, halafu tukasikia ameondoka kwa Shangazi, halafu tukasikia yuko Voi, halafu kwa muda mrefu hatukusikia kitu.

Shangazi alipofariki nilikuwa nimeajiriwa, nikaenda na mama kwenye msiba. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia nyumba ile. Niliingia ukumbini na mguu wangu ukateleza kidogo, sakafu ilikuwa imepigwa deki kwa ajili ya wageni. Saa kubwa ilikuwa ukutani. Sikuwa na haja ya kuuliza jiko liko wapi. Nilikwenda kulia, nikapita nyuma ya wanawake waliokuwa wakichambua mchele, nikarudi, nikafika kwenye ngazi. Chini ya ngazi kulikuwa na mlango mdogo wa mbao, umepakwa rangi ile ile ya ukuta, na komeo lake lilikuwa nje. Nililivuta. Ndani waliweka ndoo na mifagio, na sakafuni kulikuwa na kipande cha godoro cha urefu wa mtoto. Nilisimama pale mpaka binti mmoja wa Shangazi alipokuja kuniuliza kama natafuta choo.

Ndani ya gari tukirudi nilimwuliza mama kama alijua. Alinijibu tulipokwisha kupita Malindi. "Hakuniambia lolote," alisema. "Lakini alipokuja mwaka ule nilimwogesha homa ilipompanda, nikamwona mgongo. Nilijua kiasi cha kutosha kukubakiza wewe. Yeye nilimwacha aende. Nilikuwa na midomo mingi, Zena."

Tangu siku hiyo nilitembea na deni ambalo sikujua pa kulipeleka. Kila jema lililonipata, shule, kazi, watoto wangu kulala kwenye kitanda chao, niliona ni la mtu aliyeingia chumba cha kumi na mbili kwa niaba yangu, nami nikageukia ukuta. Ni uchovu wa namna yake. Haupungui kwa kulala.

Mwaka jana nilihamishiwa kwa muda upande wa Hola, na muuza vitunguu mmoja akanitajia mkulima wa Bura anayeitwa kwa jina la Jilo na jina la marehemu mama mkubwa. Nilichukua pikipiki. Nilimkuta kwenye shamba lake la mkataba, ndani ya mradi wa umwagiliaji, amesimama ndani ya mfereji, maji magotini, akiweka mipira ya kunyonya maji kuyatoa mferejini kwenda kwenye matuta. Mvi zilikuwa zimemjaa kichwani. Alinitambua kabla sijasema jina.

"Zena," alisema. "Umekuwa kama mama."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Niliyasema yote nikiwa nimesimama kwenye tuta, viatu mkononi. Nilimwambia nimeiona nyumba, nimeuona mlango chini ya ngazi, najua kwamba alikwenda badala yangu, na kwamba nimekuja kuomba msamaha kwa siku ile.

Alinisikiliza mpaka mwisho huku kidole gumba kikiziba mdomo wa mpira ili maji yasirudi.

"Sikwenda badala yako," alisema.

"Jilo."

"Sikiliza. Pale shuleni tulikuwa tunakula sahani moja. Komora alikuwa anakufa njaa na mimi nilikuwa namzidi kasi. Unakumbuka? Ndiyo maana nilikuwa nautoa mkono kwanza. Kule kwa Shangazi nilipigwa, nilifungiwa, lakini ukoko ulikuwepo kila siku. Kila siku, Zena. Nilitaka kurudi kwenye ukoko."

"Basi kwa nini uliniua kila mlango?"

Aliinamisha mpira, maji yakaanza kumwagika kwenye tuta, akayatazama yakienda.

"Kwa sababu alikuwa anachukua mmoja tu," alisema.

Nilimtazama usoni kwa muda mrefu. Nimefanya kazi na wagonjwa miaka mingi, nawajua wanaosema hawaumwi ili muuguzi aende akapumzike, na nawajua ambao kweli hawaumwi. Kwake sikuweza kutofautisha. Huenda alinitua mzigo makusudi. Huenda ndivyo ilivyokuwa, mtoto mwenye njaa aliyemzuia mwenzake kwa njia pekee aliyokuwa nayo, na huruma ikatokea tu kuwa upande ule ule na njaa. Nilitaka kumuuliza kuhusu kifua, kuhusu sauti yake aliposimama mbele ya Shangazi. Nikaona amechoka, na mimi nimechoka, na jua bado lilikuwa kali.

"Zamu yangu ya maji inaisha saa kumi," alisema. "Kuna matuta manane bado."

Nikaweka viatu vyangu kando, nikapandisha dera, nikaingia mferejini kushika mpira wa pili.